Linda akili za watu wako kazini: mwongozo kamili kwa bosi, msimamizi na watu wa HR

Kuna kijana niliwahi kumsimamia, timu yetu ilikuwa ya watu 9, na huyu kijana alikuwa hajui kusema hapana. Ukimpa kazi anapokea, ukimuongezea anapokea, mwenzake akiumwa yeye ndo anaziba pengo, na mimi kwenye kikao cha kila wiki nilikuwa namsifia mbele ya wenzake kwamba jamani igeni mfano. Ikafika Jumatatu moja hakutokea. Simu haipatikani. Usiku saa 2 ndo ikaingia meseji: "Bosi naomba unisamehe, asubuhi nimefika getini nikashindwa kuingia, nimekaa kwenye gari mpaka saa 6 nikarudi nyumbani."

Ile meseji niliirudia kuisoma mara nyingi sana. Kilichoniuma ni kwamba dalili zilikuwepo miezi miwili nyuma na nilikuwa naziona kabisa: ripoti zake zilizokuwa hazina kosa zilianza kuja na tarakimu zimepishana, mchana alikuwa anakula peke yake, na barua pepe zake zilikuwa zinaingia saa 8 usiku. Mimi nikaziita bidii. Nilipokaa chini kuorodhesha kazi alizokuwa nazo nikakuta ni za watu wawili na nusu, na aliyezigawa ni mimi.

Ndo maana mwongozo huu unaanza na kazi yenyewe, mambo ya semina za kupumua na mabango ya "jali afya yako" yatakuja baadaye kama yatahitajika. Mtu akiumizwa na namna kazi ilivyopangwa afu ukamfundisha kuvumilia, kinachomuumiza umekiacha palepale.

Na usidhani ni tatizo la mtu mmoja mmoja mwenye moyo mwepesi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani, WHO, pamoja na Shirika la Kazi Duniani, ILO, walisema dunia inapoteza kama siku bilioni 12 za kazi kila mwaka kwa sababu ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na wasiwasi, hasara yake ni karibu dola trilioni 1. Mwaka mmoja kabla ya hapo mashirika hayohayo yalikadiria kwamba kufanya kazi masaa 55 au zaidi kwa wiki kulichangia vifo 745,000 vya kiharusi na ugonjwa wa moyo kwa mwaka 2016 peke yake. Kwahiyo ukisikia mtu anajisifu ofisini kwamba halali, usimpigie makofi.

HATUA YA 1: Hesabu kazi kwenye karatasi

Chukua karatasi moja kwa kila mtu. Mwambie aandike kila kitu anachofanya kwa wiki, na hapa sisitiza kabisa zile kazi zisizo na jina: kumuelekeza mgeni, kupokea simu za wateja wanaolalamika, kuhangaika na mashine ya kuchapisha ikigoma, kuandaa mitingi, kurekebisha makosa ya idara nyingine. Pembeni ya kila kazi aweke masaa. Jumlisha. Kama mkataba unasema masaa 40 na karatasi inasema 58, tatizo umeshalipata na hujahitaji mtaalamu yeyote.

Sasa kaeni wawili muamue kipi kinaachwa, kipi kinasogezwa mbele na kipi kinaenda kwa mwingine mwenye nafasi. Ukijibu kwamba "vyote ni muhimu" ujue hujafanya uamuzi, umemuachia yeye aamue, na atakachokata ni usingizi wake.

Mzigo peke yake lakini haumalizi habari. Mwaka 1979 mtafiti anaitwa Robert Karasek alionyesha kwamba kazi inayochosha zaidi akili ni ile yenye mahitaji makubwa huku mfanyakazi hana usemi wa jinsi ya kuifanya. Baadaye utafiti wa Whitehall II ulioanza 1985 kwa watumishi wa serikali wa London, ukiongozwa na Michael Marmot, ukakuta kwamba waliokuwa na mamlaka kidogo juu ya kazi zao walipata zaidi ugonjwa wa moyo. Kwahiyo kwenye karatasi ileile ongeza swali moja tu: hii kazi nani anapanga ifanyike saa ngapi na kwa mtindo gani? Kama kila mstari jibu ni "bosi" au "mfumo", hapo kuna mtu anabanwa pande zote mbili.

HATUA YA 2: Waulize, na usiwatie hofu

Mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza, HSE, ina maeneo 6 ambayo inataka mwajiri ayaangalie, na mimi nimeyatumia kwasababu ni mepesi kukumbuka: mzigo wa kazi, usemi wa mfanyakazi, msaada anaoupata, mahusiano na wenzake, uwazi wa majukumu yake na jinsi mabadiliko yanavyoletwa. Tengeneza dodoso fupi, swali mbili au tatu kwa kila eneo, lugha ya kawaida kabisa. "Unajua unategemewa ufanye nini?" "Ukikwama kuna mtu wa kumuuliza bila kuogopa?" "Mabadiliko unayajua mapema au unayasikia kwenye korido?"

Usiri hapa ndo kila kitu. Usiombe jina, usiombe umri na idara na miaka ya kazi kwa pamoja maana ukishapata hivyo vitatu kwenye timu ndogo umeshamjua mtu, na kama timu ina watu 5 usitoe matokeo ya timu hiyo peke yake, changanya na nyingine. Watu sio wajinga, wakihisi wanaweza kujulikana watakujazia kila kitu kipo sawa afu utabaki na takwimu nzuri na ofisi inayooza.

Afu kingine, ndani ya wiki 3 au 4 rudi kwao. Waambie mmesema hivi, hili tunarekebisha mwezi huu, hili hatuwezi kwasababu hii. Kama huna mpango wa kurekebisha chochote ni bora usiulize kabisa, mtu akimwaga moyo wake mara moja akaona kimya hatarudia tena.

HATUA YA 3: Rekebisha kazi yenyewe

Hapa ndo watu wengi wanaruka. Wana bajeti ya kualika mzungumzaji wa saa moja lakini hawataki kugusa ratiba. Anza na vitu vidogo vinavyoonekana.

Masaa: weka saa ambayo meseji za kazi zinakoma, na wa kwanza kuifuata awe mkubwa. Ukiandika kwenye grupu saa 4 usiku "sio lazima mjibu saa hii" tayari umeshawaamsha watu wote, wapo waliokuwa wanalaza watoto wameshika simu. Andika, iache kwenye rasimu, tuma asubuhi, programu nyingi za barua pepe zinakuruhusu kupanga muda wa kutuma. Ufaransa waliweka haki ya kutokuwa hewani baada ya kazi kwenye sheria tangu 2017 na nchi nyingine zikafuata, kwahiyo sio jambo la ajabu.

Shifti: toa ratiba mapema, angalau wiki 2 kabla, na usimtoe mtu shifti ya usiku ukamuingiza ya asubuhi bila kupumzika. Mtu asiyejua kesho anafanya kazi saa ngapi hawezi kupanga hata kumpeleka mzazi hospitali.

Likizo: angalia nani hajachukua. Mwenye siku nyingi zimelala mara nyingi ndo yule anayeogopa kwamba akiondoka kazi itamsubiri ikiwa imejaa maradufu, na ana haki ya kuogopa kama hakuna anayemshikia. Likizo bila mtu wa kukaimu ni deni analolipa akirudi.

Majukumu: mtu mmoja awe na msimamizi mmoja anayempangia vipaumbele. Nimeona dada akipokea maagizo kwa wakuu watatu, kila mmoja anasema ya kwake ndo ya haraka, na akichelewesha ya mmoja anaandikiwa barua. Huyo hata ukimpeleka kwa mwanasaikolojia kila wiki atarudi kwenye moto uleule.

Mabadiliko yenyewe sitayasemea sana, ni kwamba waambie mapema na waambie ukweli, hata pale ukweli ni kwamba bado hamjaamua. Tetesi zinatesa kuliko habari mbaya.

HATUA YA 4: Wafundishe wasimamizi kwanza

Mwongozo wa WHO wa Septemba 2022 kuhusu afya ya akili kazini unapendekeza wasimamizi wafundishwe namna ya kuwasaidia watu wao, na mimi naona hii ndo pesa inayolipa kuliko zote, kwasababu msimamizi ndo anayemuona mtu kila siku na mara nyingi ndo huyohuyo chanzo cha stresi. Supavaiza wengi walipandishwa cheo kwa kuwa wazuri wa kazi, hakuna aliyewafundisha kukaa na mtu anayelia.

Wafundishwe kuona mabadiliko. Neno ni mabadiliko, maana mkimya wa siku zote sio tatizo, tatizo ni mchangamfu aliyekuwa mkimya. Aliyekuwa anawahi anaanza kuchelewa. Aliyekuwa mpole anaanza kufoka kwa vitu vidogo. Makosa ya ajabu, kusahau, ruhusa za kuumwa za siku mojamoja kila mara, kuumwa kichwa na tumbo kusikoisha, kukaa ofisini mpaka usiku bila kazi kuonekana. WHO kwenye orodha yake ya magonjwa ya 2019 imeelezea ile hali ya kuungua na kazi, Kiingereza wanaita burnout, kuwa ni jambo linalotokana na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa, na ikataja alama 3: nguvu kuisha kabisa, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na kuona hufanyi lolote la maana. Ukiona zote tatu kwa mtu mmoja usisubiri tathmini ya mwisho wa mwaka.

Msimamizi asijigeuze daktari. Asimwambie mtu "wewe una sonona". Kazi yake ni kuona, kuuliza, kusikiliza, kupunguza kinachoweza kupunguzwa na kuonyesha njia ya msaada.

HATUA YA 5: Mazungumzo yenyewe

Nitakaa hapa kidogo kwasababu watu wengi wanapakwepa kwa kuogopa kukosea.

Chagua sehemu ya faragha, sio kwenye chumba cha vioo katikati ya ofisi ambapo kila anayepita anawaona. Chagua muda ambao huna mtingi baada ya dakika 15, kama una nusu saa mwambie una nusu saa. Zima simu, sio kuigeuza tu kifudifudi. Na usimuite kwa meseji ya "njoo ofisini kwangu" halafu basi, hiyo meseji peke yake inaweza kumuua mtu kwa presha. Andika: "Kaka, nataka tuongee kidogo kuhusu unavyoendelea, hakuna kosa lolote, saa 9 upo?"

Anza na ulichokiona, bila hukumu. "Nimeona wiki hizi mbili unatoka usiku sana, na juzi kwenye kikao ulikuwa kimya wakati sio kawaida yako. Nikasema nikuulize, unaendeleaje?"

Atajibu "niko poa bosi". Karibu kila mtu anajibu hivo, tumelelewa kufa na tai shingoni. Usiishie hapo, na usimbane. Mwambie "sawa, na kama haupo poa hapa ni sehemu ya kusema, haitaenda kwenye faili lako." Afu nyamaza. Kimya cha sekunde kumi kinaonekana kirefu sana lakini ndo ndani ya kimya hicho watu wanaanza kuongea.

Akianza kuongea usikatishe na habari zako za "hata mimi mwaka fulani". Usimwambie jikaze, usimwambie kuna wenye shida kuliko yeye, usimwambie amuombe Mungu tu yataisha, hata kama imani ina nafasi yake kubwa kwake atakwambia mwenyewe. Uliza kwa lugha ya kazi: "Ni kitu gani kinakulemea zaidi kwa sasa? Tukiondoa kimoja wiki hii, tuondoe kipi?" Swali hilo la pili limenisaidia kuliko mengine yote kwasababu linampa mtu kitu cha kushika, na majibu yake mara nyingi ni madogo kuliko ulivyoogopa. Mmoja aliniambia anachotaka ni asikae tena dawati la kupokea malalamiko siku 5 mfululizo. Basi. Tukaweka zamu.

Kama shida ni ya nyumbani, msiba, ndoa, madeni, huna haja ya kujua undani. Uliza kazini tufanye nini ili ipungue makali.

Mkimaliza kubalianeni vitu viwili vitatu na tarehe ya kuonana tena, andika kwa kifupi, na siku hiyo ikifika uwepo. Usipotokea umemfundisha kwamba yale yalikuwa maneno.

HATUA YA 6: Matusi na unyanyasaji

Hakuna programu ya afya ya akili itakayofanya kazi kama kuna mtu anayedhalilisha wenzake na anaachwa kwasababu analeta mauzo. Mkataba wa ILO namba 190 wa mwaka 2019 unahusu ukatili na unyanyasaji kazini, na unahesabu pia ule wa kisaikolojia na wa kijinsia, sio ngumi peke yake. Soma sheria ya kazi ya nchi yako inasema nini, andika sera fupi inayoeleweka, na weka njia angalau mbili za kuripoti, maana kama njia ni moja na inapita kwa mnyanyasaji mwenyewe, hiyo sio njia. Anayeripoti asihamishwe yeye. Hili naliona kila mara, aliyelalamika ndo anapelekwa idara nyingine "kwa usalama wake" na wote waliobaki wanajifunza kunyamaza.

HATUA YA 7: Njia ya msaada, na usiri wake

Tafuta mshauri nasaha au mwanasaikolojia wa nje ya kampuni ambaye mfanyakazi anaweza kumuendea moja kwa moja bila kupitia kwa bosi. Kampuni ipate idadi tu ya waliohudumiwa, majina isipate. Kama bima ya afya mnayo, piga simu uulize inalipia huduma za afya ya akili au hailipii, kwa mara ngapi, na uwaandikie watu majibu kwa lugha nyepesi. Kama kampuni ni ndogo na hela haitoshi, angalau uwe na orodha ya hospitali na vituo vya karibu vyenye huduma hiyo, na ruhusa ya masaa ya kwenda bila kukatwa mshahara.

Ukipewa siri ya mtu kaa nayo. Wenzake wakiuliza yuko wapi, "yuko ruhusa" inatosha.

HATUA YA 8: Pakiwa na hatari

Mtu akisema amechoka kuishi, akianza kuagaaga watu, kugawa vitu vyake au kusema "mtapumzika bila mimi", muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kumuuliza hakumpandikizii wazo, ila kunampa nafasi ya kusema. Akisema ndiyo usimuache peke yake, usimuahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, ondoa vitu vya hatari karibu yake, mpigie ndugu anayemuamini yeye, na mpelekeni hospitali au pigeni namba ya dharura siku hiyohiyo. Namba ya dharura ya nchi yako iwe imeandikwa mahali, usianze kuitafuta wakati huo.

Na likitokea tukio baya kazini, ajali au kifo, usiwakusanye watu siku hiyo na kuwalazimisha wasimulie walichokiona. WHO haipendekezi hayo mazungumzo ya mara moja ya kuwasimulisha watu tukio. Wape usalama, maji, mtu wa kukaa nao, taarifa za kweli na ruhusa ya kwenda nyumbani, anayetaka kuongea aongee kwa muda wake.

HATUA YA 9: Siku anarudi

Mtu akitoka mapumziko ya ugonjwa wa akili mara nyingi anaogopa zaidi siku ya kwanza kuliko kazi yenyewe. Mpigie wiki moja kabla. Muulize wenzake waambiwe nini, na msemo ambao yeye ameuchagua ndo utumike. Rudisha kazi kidogokidogo, masaa machache, bila dedilaini kubwa wiki za mwanzo, na panga lini mtaongeza. Usimnyang'anye majukumu yake yote kwa kumuonea huruma, kukaa bila kazi ya maana nako kunavunja moyo.

Yule kijana wa getini alikaa nyumbani wiki 5. Kabla hajarudi tulionana nje ya ofisi nikamuomba radhi, nikamuonyesha ile karatasi ya kazi zake, na tukakata pamoja mpaka ikabaki ya mtu mmoja, nyingine nikagawa na mbili zikafutwa kabisa na hakuna aliyewahi kuziulizia. Alianza na siku 3 kwa wiki, asubuhi ya kwanza nilimsubiri getini tukaingia wote. Mwezi wa pili nikampelekea faili la mteja mpya, akalifungua, akaliangalia kidogo, akanirudishia. "Bosi, hili wiki hii siliwezi." Nikalichukua nikaenda kuandika ubaoni, wiki ijayo Jumatano.